Makapi ya mpunga na injini ya mazutu

Katika bonde la Ruzizi, kila msimu wa mavuno tunaona marundo ya makapi nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Mengine yanachomwa na moshi unaingia manyumbani, mengine yanaoza. Wakati huohuo, vituo vyetu vya afya vinahesabu lita za mazutu kabla ya kuwasha jenereta, hata mama anapojifungua usiku. Je, makapi hayo yanaweza kupunguza mazutu? Ndiyo, kwa sehemu.

Makapi yakichomwa penye hewa nyingi, yanatoa moto na kuacha majivu. Lakini yakitiwa katika tanuru lililofungwa, linaloingiza hewa kidogo tu, yanatoa gesi inayoweza kuwaka. Tanuru hilo linaitwa gazojeni. Si jambo jipya. Wakati wa vita ya pili ya dunia, magari mengi ya Ulaya yalitembea kwa gesi ya kuni kwa sababu petroli ilikosekana. Na huko Bihar, nchini India, kampuni ya Husk Power Systems ilianza mwaka 2007 kupeleka umeme vijijini kwa gesi ya makapi ya mpunga.

Injini ya mazutu haina buji. Inabana hewa mpaka ipate joto kali, na mazutu yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Gesi ya makapi haiwaki kwa kubanwa tu. Kwa hiyo inaingizwa pamoja na hewa, na mazutu kidogo yanabaki kuwa kiberiti chake. Mambo yakienda vizuri, gesi inachukua nafasi ya mazutu kwa 60 au 70 kwa mia. Gesi ikipungua, injini inaongeza mazutu yenyewe, na taa ya chumba cha upasuaji haizimiki.

Tufanye hesabu. Tuseme jenereta inakula lita 10 kwa usiku, na tunataka kuokoa lita 6. Lita moja inahitaji karibu kilo 5 za makapi makavu, yaani kilo 30 kwa usiku. Makapi ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga. Basi kilo 150 za mpunga zinatosha. Mashine ndogo ya kukoboa inapata kiasi hicho kwa muda mfupi.

Lakini ndugu wapendwa, tusidanganyane. Gesi hii ina monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu inayoweza kuua mtu kabla hajatambua. Gazojeni haiwekwi ndani ya nyumba wala karibu na wodi. Inahitaji mahali penye hewa wazi. Gesi inabeba pia lami na vumbi. Isiposafishwa na kupozwa, vali zinagandamana na injini inakufa. Maji yaliyoosha gesi ni machafu, yasimwagwe mtoni. Injini nayo inapoteza nguvu kiasi. Na kila siku lazima mtu akaushe makapi, atoe majivu, asafishe vichujio.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Nyumba inayohitaji taa chache tu itafute sahani za jua. Gazojeni inafaa pale ambapo injini inafanya kazi saa nyingi, makapi yako karibu, na fundi aliyefundishwa yupo. Kabla ya kununua chochote, kamati ipime kwa mwezi mmoja mazutu yanayotumika na makapi yanayopatikana, kisha ihesabu pia mshahara wa fundi.

Katika Yohana 6, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki ili kitu kisipotee. Vikapu 12 vilijaa. Tukumbuke kwamba vilihitaji pia mikono ya kuvijaza. Bwana atupe mikono hiyo, yenye bidii na yenye uangalifu.