BABA, MTOTO MLEMAVU NI WAKO PIA



Katika mashamba ya miwa ya Busoga, mashariki ya Uganda, tumezoea kuzungumza juu ya mishahara na saa za kazi. Leo tunazungumza juu ya kazi isiyo na mshahara wala likizo: kazi ya mama anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo.

Ubongo wa mtoto huyu uliumia tumboni, wakati wa kuzaliwa au baadaye, pengine kwa kukosa hewa, kwa manjano kali au kwa malaria iliyopanda kichwani. Si laana, wala si mkosi wa ukoo wa mama. Hata hivyo lawama humwangukia mama. Baba huanza kuchelewa kurudi nyumbani; wengine huhama kabisa.

Mama hubaki na mzigo. Kumlisha mtoto mlo mmoja kwaweza kuchukua saa nzima, maana lazima akae wima asipaliwe. Lazima anyooshwe viungo, ageuzwe usiku, abebwe mgongoni mpaka kliniki hata akiwa na miaka 6 au 7. Shamba nalo linangoja palizi. Mama huyu akianza kukosa usingizi, kulia kila mara, kukataa chakula au kusema afadhali afe, tusiseme ana kiburi. Huenda ni ugonjwa wa sonona. Apelekwe upesi kituo cha afya au hospitali kuu ya mkoa.

Lakini dawa haibebi mtoto. Baba ambebe. Ajifunze kumlisha na kumnyoosha, ashike zamu yake ya usiku, awakanye ndugu zake wanaomsema mkewe vibaya.

Baba wengine wanataka, ila kazi inawazuia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa baba siku 4 za mapumziko mkewe ajifunguapo. Mtindio haujulikani kwa siku 4. Mara nyingi huonekana baada ya miezi, mtoto anaposhindwa kukaa. Mwanachama wetu mmoja alimpeleka mwanawe kliniki, akakatwa mshahara wa siku hiyo. Mwezi uliofuata mkewe alikwenda peke yake.

Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 juu ya wafanyakazi wenye majukumu ya familia. Pendekezo namba 165 la mwaka huo lasema mfanyakazi, awe mwanamume au mwanamke, aweze kupata ruhusa mtoto wake anapougua. Basi hatuombi hisani.

Kila tawi lidai mambo mawili katika mapatano na mwajiri: ruhusa yenye malipo siku ya kliniki, na baba huyo asipangwe zamu ya usiku kuamkia siku hiyo.

Na sisi wanaume tukiipata ruhusa hiyo, isituone kwenye malwa. Ituone kwenye foleni ya kliniki, mtoto akiwa mikononi mwetu.

Umoja ni nguvu, na uanzie nyumbani.