Istilahi Zetu: Utu, Unyama na Theolojia ya Weusi

Mfasiri aliyeko Njombe au Makambako, na hata mwalimu wa Manda kando ya Ziwa Nyasa, akisoma maandiko ya theolojia ya Weusi hukutana na swali moja: tendo la kumkatalia mtu kuwa ni mtu liitweje? Wengi hujibu upesi: “unyama”. Sisi twaona jibu hilo halitoshi.

Theolojia ya Weusi ilipata umbo la kitaaluma kwa kitabu cha James H. Cone, Mmarekani Mweusi, mwaka 1969. Hufundisha kwamba Mungu yu upande wa wanaoonewa. Lakini hoja hiyo ilikuwapo kabla ya kitabu. Septemba 1906, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, atazamwe na umati. Wachungaji Weusi, akiwamo James H. Gordon, walipinga, na mwezi huo huo akaondolewa. Mwaka 1916 alijiua.

Waliotenda ukatili huo walikuwa binadamu, si nyani. Tukiuita “unyama” twamsingizia mnyama, tena twaikubali mizani ile ile ya mbaguzi, aliyemdharau mtu kwa kumweka pamoja na mnyama.

Sarufi yetu ina busara zaidi. Twasema “mtu amelala” na “ng’ombe amelala”, kwa kuwa wote wawili wana uhai. Mwenye dharau humtoa mtu katika ngeli yake, akasema “kijitu kimelala”. Dharau, basi, ni kumfanya mtu kitu.

Hatusemi neno “kinyama” lifutwe. Limo katika Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, kuhusu adhabu. Ila panapohitajika istilahi ya ubaguzi, twapendekeza hizi:

Ubaguzi wa rangi: kumnyima mtu haki au heshima kwa sababu ya rangi au asili yake.

Kukana utu: kumtendea mtu kana kwamba ni kitu.

Wako wanaopendelea “kumvua mtu utu”. Twaikwepa kauli hiyo, kwani utu si vazi. Ota Benga alikanwa utu wake, wala hakuupoteza. Na hilo ndilo wachungaji wale walilolitetea. Mfasiri asilipoteze kwa kuchagua neno vibaya.