Redio Mpya Katika Sura ya Zamani

Ikiwa unalo gari la miaka ya 1960 ambalo bado lapanda kutoka Moshi hadi Marangu, usikubali dashibodi yake ikatwe kwa ajili ya redio. Tundu likishapanuliwa, sura ya awali hairudi. Na redio ing'aayo humwita mwizi.

Iache redio ya zamani mahali pake. Fundi hodari aweza kutoa mitambo ya ndani na kutia mipya ipokeayo FM na muziki wa simu, vitufe vikabaki vile vile. Spika zifichwe chini ya viti na kukazwa imara, kwani njia za mlimani zina mitikisiko mingi.

Kabla ya kununua, mwambie fundi umeme apime betri. Volkswagen nyingi za kabla ya 1967 zilitumia volti 6, ilhali redio za leo huhitaji 12. Land Rover nyingi za wakati huo ziliungwa chanya kwenye bodi. Chombo cha kisasa kikifungwa humo kinyume huungua.

Mwisho, dai fyuzi karibu na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka waweza kuliteketeza gari pamoja na waliomo.