Je, Wajua? Pedali ya Kushoto Hufunguliwa Kinyume

Mkazi wa Bugolobi mwenye baiskeli ya milimani halazimiki kufika Mlima Elgon ili aifaidi. Akipita Nakawa na kushika barabara ya Jinja, atafika Msitu wa Mabira, wenye takribani kilomita za mraba 300. Huko Najjembe kuna vijia vizuri vya baiskeli chini ya miti mirefu.

Kazi ni kuifikisha ikiwa nzima. Kwenye buti la gari dogo, magurudumu na pedali huenda vikatolewa. Pedali ya kulia hulegea ukizungusha spana kinyume cha saa, lakini ya kushoto hulegea kwa kufuata mwendo wa saa. Ilitengenezwa hivyo makusudi, maana ingekuwa na nyuzi za kawaida, mwendo wa kukanyaga ungeilegeza polepole hadi ichomoke. Wengi huilazimisha na kuharibu mkono wa pedali, ambao ni ghali.

Breki za diski zinazotumia mafuta zina hatari yake. Gurudumu likiwa nje, mtu akiminya breki, vibao hubanana na diski haiingii tena. Kipande cha kadibodi kikunjwe na kutiwa katikati ya vibao hivyo. Baiskeli ilazwe ubavu wa kushoto, kwa kuwa mnyororo na kibadilisha gia viko kulia.

Ukifika, kabla ya kupanda, inua gurudumu la mbele, ulizungushe, kisha ujaribu breki zote mbili.