Samaki Mwenye Meno Amalizwe Majini

Katika habari za uvuvi wa ndoana, sifa zote huliendea pambano: mshipi unaokaza, samaki anayeruka, viganja vinavyochubuka. Lakini ukichunguza mahali wavuvi wanapoumia na samaki wanapoharibika, utaona pambano si mkosaji mkuu. Hatari hujikusanya katika dakika mbili tatu za mwisho, samaki akiwa ubavuni mwa chombo, mshipi umebaki hatua moja, na mvuvi anatakiwa aamue kumwingiza ndani au kumalizana naye huko huko. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa samaki mla nyama mwenye meno makali jibu ni moja, awe papa wa bahari kuu au manda wa Ziwa Mweru: kazi imalizwe majini. Chombo kimpokee akiwa amekwisha kufa, au kisimpokee kabisa. Ushauri huu unaonekana kuwa wa usalama tu, lakini biolojia inaonyesha kwamba unalinda vitu vitatu kwa pamoja, yaani mkono wa mvuvi, ubora wa nyama na uhai wa samaki anayerudishwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni papa mako, anayejulikana kwa wanasayansi kama Isurus oxyrinchus na anayepatikana katika bahari zote za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo. Samaki wengi wana joto lile lile la maji wanamoogelea. Mako ni tofauti: mishipa yake ya damu imesukwa kiasi kwamba damu ya moto inayotoka kwenye misuli hupitana na damu baridi inayotoka kwenye matamvua na kuipasha kabla haijasambaa. Kwa hiyo misuli, macho na ubongo wake hubaki na joto linalozidi la maji kwa nyuzi kadhaa, na msuli wenye joto hujikunja upesi na kwa nguvu. Ndiyo maana mako ndiye papa mwenye mbio kuliko wote, na akinaswa huruka juu ya maji mara nyingi. Rekodi ya dunia ya mako aliyevuliwa kwa ndoana ni kilo 553, samaki wa pwani ya Massachusetts, Marekani, mwaka 2001. Mnyama wa uzito huo akipigapiga ndani ya boti huvunja mbao, mitambo na miguu ya watu, na hata mako wa kilo 50 anatosha kuwafukuza mabaharia wote tezini. Hata akishakufa, taya zake zinaweza kufunga zenyewe kwa muda, kwa kuwa neva hazizimiki zote kwa mara moja.

Huko Mununga, nchini Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Mweru kaskazini mwa Nchelenge, hakuna papa. Ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, maji yake hutoka kwa Mto Luvua kwenda Lualaba na Kongo, na maporomoko ya njiani hayapitiki kwa samaki wa baharini. Hata papa ng'ombe, anayejulikana kwa kupanda Mto Zambezi, hana njia ya kufika huku. Lakini Mweru ina manda, ambaye wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe na sayansi humwita Hydrocynus vittatus. Kwa ukubwa hawezi kulinganishwa na mako, maana rekodi ya dunia ya spishi hii ni kilo 16 tu, samaki wa Ziwa Kariba. Kwa namna alivyoumbwa, hata hivyo, anatatua tatizo lile lile la kukamata mawindo yenye mbio kwa zana zinazofanana. Mwili wake umechongoka, mkia umepasuka panda mbili, na meno yaliyochongoka kama misumari hupishana ya juu na ya chini, yakionekana nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Meno yakichakaa, hung'oka na kupishwa na mapya yaliyokuwa yakisubiri ndani ya taya. Mbio zake zinathibitishwa na watafiti waliorekodi, kwenye Bwawa la Schroda huko Afrika Kusini, samaki wa jamii hii wakidaka mbayuwayu wanaoruka juu ya maji. Samaki anayeweza kumdaka ndege hewani hatashindwa kufikia kidole kilichosogezwa mdomoni mwake ili kutoa ndoana.

Wengi watajibu kwamba dawa ya samaki mkali ni kumchosha: mwache avute mpaka nguvu zimwishie, kisha mwingize akiwa mlegevu. Fikra hii ina mantiki, na hesabu yake inahitaji kukaguliwa. Samaki anapokwenda mbio fupi kali hutumia misuli myeupe, ambayo hufanya kazi bila oksijeni ya kutosha na kuacha asidi ya laktiki katika mwili. Mwaka 2009 watafiti waliopima damu ya samaki wa jamii ya manda katika Mto Okavango, Botswana, walionyesha kwamba laktiki hupanda kadiri samaki anavyokaa kwenye mshipi. Hadi hapo pambano refu linaonekana kuwa na hatia. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia mako waliovuliwa kwa ndoana na kuachiliwa wakiwa na vifaa vya satelaiti, baadhi yao baada ya pambano la saa kadhaa, na takriban tisa katika kila kumi waliishi. Laktiki ilipanda kweli, ila haikutosha kuwaua. Kilichokuwa na uzito zaidi ni mahali ndoana iliponasa: samaki aliyenaswa kwenye pembe ya taya alikuwa na nafasi nzuri, na aliyeimeza hadi tumboni alikuwa mashakani.

Je, hilo linavunja hoja yangu? Linaitia nguvu, mradi tuunganishe na ushahidi mwingine. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha kabisa samaki wa aina ya trauti, kisha wakawagawa katika makundi. Waliochoshwa bila kutolewa majini walikufa asilimia 12 tu ndani ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliokaa hewani sekunde 60 walikufa asilimia 72. Sababu yake ni ya kimaumbile: nyuzi za matamvua husimama zikitandazwa na maji, na zikiwa hewani hulala na kugandamana, hivyo samaki hukosa pumzi katika saa ile ile anapoidai kuliko wakati wowote. Trauti si manda wala si mako, na hakuna ruhusa ya kuhamisha asilimia hizo kutoka samaki mmoja kwenda mwingine. Ila mwelekeo uko wazi. Pambano hufungua deni la oksijeni, na kumtoa samaki majini ndiko kunakomzuia asililipe. Kwa mako jambo ni zito zaidi, kwa sababu hupumua kwa kuogelea mdomo wazi maji yapite kwenye matamvua; akisimamishwa, pumzi nayo inasimama.

Kutokana na ushahidi huo, maandalizi ya mvuvi yanaanza kabla samaki hajauma. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina lake, hunasa pembeni mwa taya mara nyingi kuliko ndoana ya kawaida, kwa sababu huteleza kooni na kushika tu inapofika ukingoni. Mwiba mdogo unaorudi nyuma ukibanwa kwa koleo, ndoana hutoka kwa mzunguko mmoja. Kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana huzuia meno yasikate, na humpa mvuvi mahali pa kushika mbali na mdomo. Waya huo usizungushwe kiganjani kamwe, maana samaki akishtuka humvuta mtu pamoja nao. Samaki akifika ubavuni, mshipi usikazwe kupita kiasi, kwa kuwa ndoana ikichomoka chini ya mvuto mkali hurudi kwa kasi usawa wa uso. Anayeachiliwa hutolewa ndoana kwa koleo la mpini mrefu akiwa bado majini, au waya hukatwa karibu kabisa na mdomo. Mako huachiliwa chombo kikienda mbele polepole, na asiburutwe kwa mkia, kwani maji yatamwingia kinyume. Manda wa kuliwa huzuiwa ndani ya kimia chenye mpini, hupigwa rungu kichwani akiwa usawa wa maji, ndipo anapoingizwa ndani.

Mvuvi wa Mununga ana pingamizi ambalo vitabu vya uvuvi wa burudani havilijui. Mweru na Mto Luapula vina mamba, mitumbwi ni myembamba, na upepo wa ziwa hauombi ruhusa. Kumwambia mtu ainame nje ya mtumbwi huku samaki akitapatapa ni kumtoa kwenye meno madogo na kumpeleka kwenye makubwa. Pingamizi hili ni la haki, na linabadilisha njia bila kubadilisha kanuni. Kinachotakiwa kubaki majini ni samaki. Mkono hauna kazi huko. Kimia chenye mpini na koleo refu vipo kwa ajili hiyo. Damu nayo isimwagwe ziwani: samaki apigwe rungu kwanza, kisha matamvua yakatwe ndani ya beseni. Ama kuhusu mtumbwi mwembamba, huo ndio hasa sababu ya kutomwingiza samaki hai. Mtu akiruka kukwepa meno ndani ya mtumbwi, uzito huhama ghafla, na kinachoanza kama jeraha la kidole kinaweza kuishia kwa watu kuogelea. Jeraha lenyewe si dogo, kwa maana maji baridi hubeba bakteria wa jamii ya Aeromonas wanaoozesha vidonda, pepopunda haisamehi, na kwa aliye mbali ziwani safari ya kufika hospitali kama St Paul's ya Kashikishi ni ndefu.

Pingamizi la pili ni la tumbo: maneno ya kuachilia samaki ni ya matajiri wenye boti za starehe, na huku samaki ni chakula na karo ya watoto. Nakubali bila masharti kwamba manda aliyevuliwa Mununga ataliwa. Lakini fiziolojia ile ile inayomhusu anayeachiliwa inamhusu pia anayeliwa. Samaki aliyekufa kwa kutapatapa humaliza akiba ya nishati ya misuli akiwa hai. Hukakamaa mapema, hulegea mapema, na bakteria huanza kazi yao mapema. Aliyeuawa kwa pigo moja na kutolewa damu mara moja hukakamaa kwa kuchelewa, na muda huo wa nyongeza ndio mchuuzi anaouhitaji. Kwa samaki wa Mweru muda huo ni pesa, kwa kuwa soko kubwa halipo ufukoni, bali liko katika miji ya migodi ya Copperbelt nchini Zambia na Katanga nchini Kongo, mwendo wa mamia ya kilomita, na barafu haipatikani kila gati. Wavuvi wa papa wa pwani wanalijua hili kwa pua: papa huhifadhi urea mwilini, na asipotolewa damu na matumbo mapema bakteria huigeuza amonia, nyama ikanuka mkojo kabla haijafika kwenye chumvi.

Liko pingamizi la tatu, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Ndoana moja ina athari gani katika ziwa lenye maelfu ya nyavu? Historia ya Mweru inampa nguvu anayeuliza. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alianguka miaka ya 1940 kwa sababu nyavu zilimkatia njia wakati wa kuzaa, huku soko la migodi ya Katanga likidai zaidi kila mwaka. Na uvuvi wa chisense, dagaa wa ziwa hili anayevuliwa usiku kwa taa, umestahimili shinikizo kubwa kwa vile samaki huyo huzaa haraka. Wanasayansi kama Jeppe Kolding wamesema kwa miaka mingi kwamba katika maziwa ya kina kifupi ya kusini mwa Afrika, kupanda na kushuka kwa maji huamua wingi wa samaki kwa kiasi ambacho sheria nyingi za uvuvi hazitambui. Kwa hiyo haitakuwa kweli kudai kwamba Mweru itaokolewa kwa kuwaachilia manda. Jike la manda hutaga mayai kwa malaki na hukomaa ndani ya miaka michache; kumrudisha mmoja ni jambo jema, lakini si sera. Jike la mako hukomaa akiwa na miaka ipatayo 18, hubeba mimba zaidi ya mwaka, na huzaa watoto wachache. Kwake kila mmoja anayerudishwa anahesabika, ndiyo maana mwaka 2019 mkataba wa CITES uliweka biashara yake chini ya vibali.

Tofauti hiyo inaonyesha mpaka wa hoja hii. Sababu ya kumaliza kazi majini hubadilika kutoka samaki hadi samaki: kwa mako uhifadhi uko mbele, kwa manda wa Mununga vidole na bei ya sokoni vinatangulia. Kanuni haibadiliki, kwa vile inatokana na msuli unaodai oksijeni, matamvua yanayohitaji maji, na taya zisizojua kama mkono ulio mbele yake unaua au unaokoa. Gharama yake ni koleo, kimia chenye mpini, rungu na ndoana za duara. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na katika miezi hiyo maofisa wa Idara ya Uvuvi huzunguka kuhimiza sheria. Somo la namna ya kumshika samaki mwenye meno lingeingia vizuri katika mizunguko hiyo, tena wavuvi wangelipokea kwa urahisi kuliko marufuku, kwani faida yake huonekana siku ile ile samaki anapopimwa kwenye mizani.