Je, Wajua? Boriti za Lamu

Msomaji wa Mudzipela, mjini Bunia, ambaye macho yake yamezoea malori yaliyosheheni mbao za mwitu wa Ituri, huenda akastaajabu kuambiwa kwamba Lamu, mji mdogo wa pwani ya Kenya, ulineemeka dahari kwa miti isiyo mirefu wala minene, nayo ni mikoko. Ilikatwa matopeni maji yakipwa, ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yakarejea kwa upepo wa kusi yakiwa yamejaa boriti za kuezekea nyumba za nchi zile kame. Tena urefu wa boriti ndio uliohukumu upana wa vyumba vya mawe vya Lamu, aghalabu kama meta 3 tu. Basi mgeni akiviona vyembamba asiwadhanie wenyewe ubahili. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikataza boriti kupelekwa ng'ambo, na mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huo wa kale, pamoja na milango yake ya nakshi na vichochoro vyake vya punda, katika Urithi wa Dunia.