Kilwa na Nchi ya Kusini mwa Tanzania

Wilaya ya Kilwa iko katika mkoa wa Lindi, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Jina hilo lina miji mitatu: Kilwa Kisiwani, penye magofu, Kilwa Kivinje, mji wa bara uliovuma karne ya 19, na Kilwa Masoko, makao ya wilaya hivi leo. Wageni wengi huvuka hadi Kisiwani, wakapiga picha, wakarudi Dar. Hao huikosa nusu ya habari, kwani kila mji uliinuka mwenzake alipokuwa akififia.

Mashua ya kwenda Kisiwani hung'oa nanga Masoko. Jengo linalompokea abiria ni Gereza, ngome ya ufukweni. Wareno walijenga ngome hapo 1505 baada ya kuuteka mji, wakaihama 1512. Kuta zinazoonekana sasa nyingi ni kazi ya Waomani. Ndani zaidi upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12, na ile ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa karne ya 14. Mafundi walichonga matumbawe yangali mabichi kutoka baharini, maana yakikauka huwa magumu, na mengine waliyachoma wakapata chokaa. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazivuki sana mita 3, vyumba vya kale vya Pwani ni virefu na vyembamba. Anayelijua hilo huweza kuisoma nyumba nzima katika kuta zilizobaki magotini.

Mali ya Kilwa ilitokana na dhahabu ya nyanda za Zimbabwe, iliyopitia bandari ya Sofala. Masultani walipiga sarafu zao za shaba. Moja imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 juu ya genge, lenye bwawa la pembe nane. Wanafunzi wengi wa Kenya hupelekwa kwenye magofu ya Gedi, na Gedi inastahili sana. Lakini haina jengo lenye ujasiri kama huu.

Magofu hayafi kwa namna moja. Huko Uingereza, abasia kama Fountains, iliyofungwa 1539, ziliangushwa kwa amri ya mfalme Henry VIII. Kilwa ilichakaa polepole, Wareno walipoishika biashara ya Sofala. Ilipoinuka tena karne ya 18, iliinuka kwa biashara ya binadamu: mwaka 1776 sultani aliweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Habari hiyo haina budi kutajwa mbele ya mgeni anayestaajabia kuta za kasri la Makutani, zilizo za enzi hiyo.

Katika miaka ya 1840 Waomani walimwondoa sultani wa mwisho, na misafara ya watumwa na pembe kutoka Ziwa Nyasa ikawa inaishia Kivinje. Mji huo una majengo ya Wajerumani yanayobomoka na nyumba za miti na udongo zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Aliyekulia Majengo, Pumwani, ataitambua ramani hiyo mara moja: ndiyo waliyoijenga Waswahili wa Nairobi mtaa huo ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye makao ya wilaya yalihamia Masoko, kwenye bandari yenye kina.

Kaskazini-magharibi ya Kivinje kuna milima ya Matumbi. Huko Nandete, Julai 1905, wananchi waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa mwezi uliofuata. Leo mashamba ya wilaya ni ya korosho, ufuta na minazi, mibuyu ikisimama katikati, na gesi ya kisiwa cha Songo Songo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam.

Msafiri wa Makadara au Buruburu hupanda basi la Dar katikati ya Nairobi, akapitia Namanga. Kutoka Dar barabara huvuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, na kwenye njia panda ya Nangurukuru magari ya Masoko hukunja kushoto. Masika si wakati wa safari hii: Mei 2024 mafuriko ya kimbunga Hidaya yaliikata barabara hiyo kuzunguka Somanga. Juni hadi Oktoba njia ni kavu, na kibali cha kuingia magofuni hupatikana Masoko kabla ya kuvuka.